Mama Mkwe Ndani ya Simu

Jumatatu, 2 Juni

Nimeanza rasmi. Programu ya simu ya kuwasaidia watu kupunguza uzito. Jina bado. Mengine yote yako kichwani.

Niandike hali ilivyo, ili siku nikiulizwa safari ilianzaje niwe na jibu. Ofisi yetu ilifungwa mwaka jana. Tangu hapo niko nyumbani nikifikiri. Mke wangu ni muuguzi kliniki. Bosi wake, daktari wa lishe, analalamika kwamba wagonjwa wakitoka mlangoni kwake wanakwenda kukaa mpaka siku ya kurudi. Anataka kitu cha kuwasukuma. Mke wangu akasema, mume wangu anatengeneza kitu hichohicho. Alisema mbele ya wenzake wote. Daktari akasema basi niende nikakionyeshe Ijumaa ya wiki ijayo.

Kisha, nyumbani, sharti. Kliniki ikiikataa, Jumatatu inayofuata naanza kazi kwa kaka yake, kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Shemeji ameshanishonea koti la kazi. La bluu, jina la duka mgongoni. Alilileta jana, akalitundika mwenyewe nyuma ya mlango wetu, akasema halina haraka.

Sitalivaa. Bora nife.

Fundi simu wa pale kona anajua kuunda programu, amekubali kuunda nitakachobuni. Toleo la kwanza limekwisha: ua. Ukitembea, linachanua. Ukikaa, linanyauka. Zuri sana. Nililiweka kwenye simu ya mke wangu asubuhi. Jioni amerudi, ameketi, amevua viatu, ua limekufa. Anasema amesimama wodini kutwa nzima na simu ilikuwa kabatini, maana hawaruhusiwi kuzibeba, halafu anarudi kwake kupumzika anaambiwa ameua ua. Amelifuta.

Watu hawapendi maua. Hilo nimejifunza.

Jumanne, 3 Juni

Toleo la pili: sifa. Kila ukisogea, programu inakwambia hongera na kurusha vikaratasi vya rangi kwenye kioo. Wajaribu ni wawili. Shemeji, na jirani wa chini, mshonaji nguo. Shemeji ndiye anayefaa kuliko wote, tumbo lake hufika dukani kabla yake. Ana presha, ameshaambiwa apungue. Aliipokea programu akicheka. Akasema yuko tayari kunisaidia kwa lolote, kwani hata hivyo muda wangu umebaki mfupi.

Matokeo. Shemeji amepewa hongera kwa kwenda kwenye friji. Amepewa tena kwa kurudi. Anasema hajawahi kutiwa moyo namna hiyo maishani. Mshonaji anaendesha cherehani kwa miguu, simu iko mapajani. Programu imeamini anatembea kwenda mji wa jirani. Amepongezwa tangu asubuhi bila kuinuka kitini.

Nimevunjika moyo. Nimekula.

Halafu jioni, jambo. Tulikuwa sebuleni: mimi, mke wangu, shemeji, na mshonaji aliyepanda kulalamika kwamba simu haiachi kumpongeza. Wote tumejinyoosha vitini. Mlango ukafunguliwa. Mama mkwe. Kaja kututazama, hata viatu hajavua. Akatupitisha macho mmoja mmoja. Akauliza kama bado tumekaa.

Tukasimama. Sote. Mshonaji, ambaye hata si wa ukoo, ndiye aliyesimama wa kwanza. Shemeji akashika ufagio. Hakuna aliyekuwa ameambiwa afanye nini.

Nilikuwa bado nimesimama pale nikijifanya natafuta kitu, wazo likaingia. Watu hawataki sifa. Watu wanataka mama mkwe.

Jumatano, 4 Juni

Mama mkwe amelala kwetu. Bahati haibishi hodi mara mbili.

Tatizo ni moja. Humwambii mama mkwe wako kwamba unataka sauti yake ya kukaripia wanene. Kuna heshima. Mimi mpaka leo nikila mbele yake nahesabu matonge. Kwa hiyo nilimwambia wajukuu zake walio mbali wamekumbuka sauti ya bibi. Aseme tu yale anayowaambia watu wa nyumbani siku zote, mimi nitarekodi. Alifurahi mno. Akaenda kufunga kilemba kipya, ingawa nilimweleza kwamba sipigi picha.

Alizungumza asubuhi nzima. Sikuwahi kusikia kitu kama kile. Bado umekaa? Kiti hicho mmeandikiana mkataba? Inuka, mwili utaota uyoga. Sahani ya pili ya nani, una mgeni tumboni? Alisita mara moja tu, akauliza kwa nini watoto wadogo vile waambiwe habari ya sahani ya pili. Nikamwambia watoto wa siku hizi wanaanza mapema. Akatikisa kichwa kwa huzuni, akaendelea kwa ukali zaidi.

Kasoro moja. Kila karipio analimalizia kwa sauti ya chini kwamba haya, twende wote. Au, nipe mkono, twende. Kila mara! Anajenga ukali vizuri kabisa, halafu anaubomoa mwenyewe. Nimemwambia fundi aikate mikia hiyo yote. Fundi akauliza kama nina hakika. Nikamjibu kwamba karipio ni pilipili, halitiwi sukari.

Mama mkwe ameondoka jioni. Leo ameniita mwanangu kuliko miaka yote ya ndoa yangu. Nilijisikia vibaya kidogo. Imepita.

Ijumaa, 6 Juni

Inafanya kazi! Simu ikiona umekaa kitambo bila kusogea, mama mkwe anasema. Basi.

Fundi alikuwa wa kwanza. Alikuwa ameinamia simu ya mteja, yake ameisahau mezani. Iliposema, aliruka, akagonga kichwa kwenye rafu, akatoka nje na kutembea mpaka kituo cha mafuta. Aliporudi nikamuuliza alifuata nini kule. Hakujua. Na huyo hata kuoa hajaoa.

Mshonaji naye sasa anakata vitambaa huku akizunguka meza. Mke wangu hakufurahi. Anasema alikua na sauti hiyo, akaolewa, akahama, na sasa imemfuata mpaka mkobani. Akauliza kama mama yake anajua. Nikasema anajua amerekodiwa. Ukweli mtupu.

Ajabu ni shemeji. Programu inawapanga watu kwa kutembea kwao, na yeye yuko juu kabisa, kawaacha wenzake mbali. Mtu yule! Nimempelekea ujumbe wa kumpongeza, kwa shingo upande. Nimempelekea daktari wa lishe pia habari zake. Amejibu kwamba angependa sana kumwona mtu huyo Ijumaa, aje amsikilize mwenyewe.

Koti la bluu nimelitoa nyuma ya mlango, nikalisukumia chini ya kitanda.

Jumapili, 8 Juni

Pigo. Wanazima sauti.

Mshonaji amezima kwa sababu wateja wanadhani wanaambiwa wao. Bwana mmoja alikuja kupimwa suruali, akaulizwa kama ana mgeni tumboni, akachukua kitambaa chake akaondoka. Mke wangu alishazima tangu Ijumaa. Hata fundi amezima, muundaji mwenyewe. Mganga asiyemeza dawa yake!

Dawa ya kuzima ni kutozimika. Nimemwagiza fundi: sauti isikubali kuzimwa kwa namna yoyote, na iwe juu mpaka mwisho, hata mtu akiiweka simu kimya. Fundi akasita. Akauliza, na mtu akiwa mahali pa heshima? Nikamjibu kwamba kisukari nacho hakichagui mahali. Nimelipenda jibu hilo. Nitalitumia Ijumaa. Fundi amefanya kama nilivyosema, ila ameomba jina lake lisitajwe popote. Mtu mnyenyekevu sana.

Nikaziweka upya simu zote kabla hawajakataa. Mke wangu nilimwambia ni marekebisho madogo.

Jioni akaniita tukatembee, mimi na yeye tu, hewa imetulia. Nikamwambia sina nafasi, natengeneza kitu cha kuwafanya watu watembee. Akaenda peke yake.

Jumanne, 10 Juni

Nimekwenda dukani kwa shemeji kumpiga picha ya kuonyesha Ijumaa. Bingwa wa kutembea, akiwa kazini. Bingwa nilimkuta kwenye kiti chake cha kuzunguka, soda mkononi. Simu siioni. Nikaiulizia. Akatazama dari.

Wakati huohuo mpakiaji wake akapita na mfuko wa saruji begani, na simu ya shemeji ikining'inia shingoni kwake kwa kamba ya katani. Akarudi, akachukua mfuko mwingine, akapita tena. Mpakiaji amepungua sana. Suruali yake nayo imefungwa kwa kamba ya aina ileile.

Nilimwambia shemeji kwamba huo ni udanganyifu, na mimi kama mtu wa utafiti nimeumia. Akajibu kwamba yeye huwalipa watu wambebee vitu vyake, na simu ni kitu chake. Nikaenda kumshtaki kwa dada yake. Mke wangu akampigia palepale. Akamuuliza kama haoni haya, bosi wake anamngoja bingwa, kumbe bingwa anatembea kwa miguu ya mtu mwingine. Shemeji amenuna. Ameapa kwamba kuanzia leo simu haitoki mfukoni mwake, liwalo na liwe, tuone nani mwanamume.

Nimeshinda. Nimelala mchana kidogo kwa furaha.

Alhamisi, 12 Juni

Mzee mmoja aliyekuwa jirani wa mama mkwe miaka mingi amefariki. Mtu mpole. Naliandika hili kwanza kwa sababu ndilo la heshima.

Leo tulikuwa msibani. Nyumba imejaa, viti mpaka nje. Mama mkwe amekaa mbele kando ya mjane, kimya, macho chini. Shemeji nyuma yake. Mke wangu na mshonaji karibu na dirisha. Fundi hakuja, alisema ana kazi. Msemaji wa familia akatuomba tukae tu kwa utulivu kidogo, kila mtu amkumbuke marehemu kwa moyo wake.

Tukae tu. Kwa utulivu. Jasho likaanza kunitoka. Nikamfanyia shemeji ishara kwamba ajitikise, anyanyuke, afanye chochote. Alidhani namdhihaki kwa mambo ya juzi. Akanigeuzia uso, akatulia kuliko watu wote.

"Bado umekaa?"

Ilitoka kifuani mwa shemeji, kali, ikajaza nyumba. Ikaendelea kuuliza habari za mkataba wa kiti. Watu wote wakamtazama mama mkwe. Mama mkwe mdomo umefumba. Mkoba wa mke wangu ukadakia na uyoga wake. Kisha simu ya mshonaji, kwapani, ikamuuliza msemaji wa familia kama ana mgeni tumboni. Msemaji ni mtu mwenye kitambi. Shemeji alikuwa anabonyeza kila mahali. Haizimiki. Fundi ni hodari, lazima nikiri.

Nusu ya waombolezaji walikuwa wameshasimama. Wazee wawili walikuwa wanatafuta fimbo zao waondoke. Shemeji akatoka mbio, akaitumbukiza simu kwenye ndoo ya maji ya kunawia. Iliendelea kidogo ndani ya maji.

Mama mkwe alinitafuta kwa macho, uso baada ya uso, mstari baada ya mstari, mpaka akanipata nyuma ya nguzo. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mke wangu alikuwa analia, sikujua kama analilia marehemu au analia kwa ajili yangu. Tulipofika nyumbani alisema jambo moja tu, kwamba kesho nitakwenda kliniki hata kwa kutambaa, kwa sababu ni yeye aliyenisemea mbele ya watu.

Jioni nzima nimeona haya. Kweli, haya.

Ijumaa, 13 Juni

Nilifika kliniki nikamkuta mama mkwe kwenye benchi, kilemba kilekile cha siku ya kurekodi. Mke wangu alimweleza yote jana. Amekuja kwa sababu mwenye sauti ana haki ya kujua inapelekwa soko gani. Nilimwamkia nikitazama viatu vyake. Akaitikia. Hakuniita mwanangu.

Nikaonyesha. Daktari wa lishe ni mwanamke mtaratibu, anasikiliza kichwa upande. Wagonjwa waliokuwa wakingoja zamu walisikiliza pia. Nilipoipiga sauti ya kwanza, benchi zima lilisimama. Nikajua mambo yameiva.

Daktari akauliza, haya, wameshasimama, sasa wanakwenda wapi? Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Nikasema kisukari hakichagui mahali. Akasubiri kuona kama nina la kuongeza. Mke wangu alikuwa anatazama sakafu.

Hapo mama mkwe akainuka. Maneno yake nayaandika kama yalivyo, kwa sababu mke wangu amesema niyaandike.

"Mwanangu, sauti ni yangu, na ukali ni wangu, sikatai. Lakini umenikata. Tangu nianze kulea watu sijamwambia mtu inuka, mimi nikabaki nimekaa. Nikimwinua mtu, naondoka naye."

Kisha akamgeukia mama mmoja mzito aliyesimama akiegemea ukuta, akamnyooshea mkono. "Haya, twende wote."

Yule mama akaushika. Wakatoka. Wagonjwa wengine wakafuata, mmoja mmoja, kama wanaokumbuka kitu. Shemeji alikuwa mlangoni, amekuja na aibu yake kumwona daktari. Akawatazama wakishuka ngazi. Akavuta pumzi, akajikaza, akafuata. Mke wangu akafuata. Daktari akavua koti lake jeupe, akaniomba nimsubiri kidogo, akafuata.

Nikabaki na simu. Nikakaa. Baada ya kitambo ikaniuliza kama bado nimekaa.

Walirudi wametota jasho, wanacheka. Shemeji anahema lakini anacheka. Daktari akasema kliniki imekubali. Nikainuka kumpa mkono. Kumbe amemkubali mama mkwe. Atakuja kila jioni kuwatembeza wagonjwa, mwenyewe, kwa miguu yake. Simu haihitajiki. Aliniambia kwa upole kwamba bila mimi wasingempata. Mke wangu akasema hilo angalau ni kweli, akanishika bega. Mkono ule ulinipa moyo.

Anasema mama yake amenisamehe. Vizuri. Ila tukisema haki, wazo lilikuwa langu na sauti ndiyo iliyopata kazi.

Jumatatu, 16 Juni

Koti linanibana. Shemeji anasema alilikadiria mwezi uliopita, kosa si lake.

Nauza misumari. Kuna ya bati, ya mbao, ya zege, na mteja akikosewa anarudi na hasira. Shemeji hakunicheka hata mara moja, jambo lililoniudhi zaidi. Alasiri alivaa viatu vya raba, akaniachia funguo, akaenda kuungana na wenzake.

Jioni kundi lilipita mbele ya duka. Mama mkwe mbele, benchi zima la kliniki nyuma yake, mshonaji naye yumo, hata fundi. Mke wangu akajitenga nao, akaja mpaka mlangoni. Uso una jasho, amependeza. Sijui mara ya mwisho nilimtazama hivyo lini.

"Funga duka, mume wangu," alisema. "Sitaki programu. Nataka tutembee."

Nilitaka kwenda. Kweli kabisa nilitaka. Nilishika mpaka kufuli. Lakini mchana nilikuwa nimeona jambo, na mambo kama haya yasipoandikwa siku hiyohiyo hupotea. Nikamwambia watangulie. Akangoja kidogo, kisha akawakimbilia wenzake.

Jambo lenyewe. Wateja wote wananunua nusu nusu. Bati chache, rangi ya chumba kimoja, mlango bila fremu. Nyumba za watu hazimaliziki, mtu anahamia na ukuta haujapigwa lipu mpaka anazeeka nao. Kwa nini? Hawana wa kuwasukuma! Programu. Ikiona ujenzi umelala, inasema. Nimempigia fundi simu kumweleza. Imekatika mara tatu. Mtandao wa siku hizi.

Safari hii sirudii kosa. Kosa la kwanza nimeshaliona: nilichukua sauti yenye maneno, na maneno yana mwenyewe, atakuja kuyadai. Baba mkwe hasemi. Yeye hukohoa tu, mara moja, na nyumba nzima hukaa sawa. Kikohozi hakina mwenyewe.

Kesho jioni wote watakuwa matembezini, na yeye atabaki peke yake nyumbani. Nitampelekea simu. Nitamwambia inapima kifua.